Ajenti anataka 180,000 nikafundishe Kiingereza Thailand, na mama yuko tayari kukopa

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 25, ninaishi Kayole na mama yangu na mdogo wangu wa kiume. Nilihitimu mwaka 2023, shahada ya elimu, masomo ya Kiingereza na Fasihi. Nambari ya TSC, tume ya kuajiri walimu, ninayo. Kazi ya serikali ndiyo sina. Nimetuma maombi kila nafasi zilipotangazwa, hata zile za walimu wanagenzi wa sekondari ya chini (JSS) ambao wenzangu walikuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Sijabahatika.

Kwa sasa ninafundisha katika shule ya kibinafsi hapa Eastlands kwa shilingi 18,000, na kuna miezi mshahara unaingia vipande viwili. Darasa langu ni Gredi ya 4, watoto 52. Mwezi uliopita mvulana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari alikuwa akisoma kwa kufuata kidole changu, alisoma ukurasa mzima peke yake. Alipomaliza aliinua kichwa akanitazama kama mtu aliyeshtuka. Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka ile furaha iishie ndani ya matatu. Mama aliponiona natokea upande wa barabara na vumbi miguuni, alidhani nimekosa nauli. Hakusema kitu. Usiku huo ndipo alipoanza habari ya mkopo.

Nirudi nyuma kidogo. Rafiki yangu wa chuo alienda Thailand mwaka jana, anafundisha Kiingereza katika shule iliyo nje ya Bangkok. Kila Jumapili anaweka picha: watoto wenye sare nadhifu, chakula, bahari. Aliniambia analipwa baht 28,000, ambazo kwa huku ni zaidi ya shilingi laki moja. Ndiye aliyenipa nambari ya ajenti. Nilipomuuliza aliingia na viza gani, aliniambia "tutaongea vizuri", na mpaka leo hatujaongea.

Ajenti nimemwona. Ofisi yake iko katikati ya jiji, orofa ya tatu, na jina la kampuni limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa selotepu. Anataka shilingi 180,000 za tikiti, viza na kuniunganisha na shule. Nusu ilipwe kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo kwa sababu nafasi zimebaki mbili tu. Anasema nitaingia kwa viza ya utalii, shule itanibadilishia nikishafika, na mshahara utakuwa baht 45,000. Jina la shule atanipa nikishalipa. Jambo lingine, aliniambia nikihojiwa kwa video niseme nimelelewa Afrika Kusini, kwa sababu Wakenya wanabanwa. Nilicheka nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Baba alifariki mwaka 2019. Mama anauza mboga kwenye kibanda karibu na steji. Yuko kwenye chama cha akina mama 14, na chama kinakopesha kwa riba ya asilimia 5 kila mwezi ukiwa na wadhamini wawili. Juzi nilimkuta ameketi kitandani, kitabu cha chama kiko wazi mapajani, anapitisha kidole kwenye michango yake mwezi baada ya mwezi. Akaniambia, "Hii pesa ukifika huko si utailipa kwa miezi miwili?" Kumbe wadhamini ameshawapata. Kanisani watu wameshaanza kunipa mkono wa kheri.

Mdogo wangu yuko kidato cha nne. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, nao wananitumia ujumbe. Mjomba anasema hii ni ngekewa, nisiichezee, na kwamba waliofaulu wote walijitosa tu. Nikikataa, namvunja mama moyo. Nikikubali, usingizi sipati. Niende au nibaki?

Mwalimu wa Kayole

Mshauri anajibu

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa usingizi unaokosa. Nilishika chaki miaka 11 kabla ya kuingia kazi hii ya ushauri, na mshahara wa vipande viwili naujua: kipande cha kwanza kinapita kwa mwenye nyumba, cha pili kinafika dukani kabla hujakishika. Kwa hiyo sitakuambia uvumilie tu. Uvumilivu umekuwa nao tangu 2023.

Nikikuelewa vizuri, una taaluma, una kazi unayoipenda isiyokutosha, na umeonyeshwa njia moja ya kutoka ambayo gharama yake itabebwa na mama yako. Siku ya kuamua nayo umepangiwa na mtu ambaye hata jina la shule hajakupa. Hayo yote yamefungwa furushi moja, ukaambiwa ulibebe lote au uliache lote. Mimi ningependa tulifungue, kwa sababu kutaka kwenda ni jambo moja, ajenti huyu ni jambo lingine, na kitabu cha chama kilichokuwa mapajani mwa mama ni jambo lingine kabisa.

Kabla ya yote nina swali. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika kwamba wewe mwenyewe una hamu ya Thailand. Nimekuta hamu ya mjomba, ya mama, ya watu wa kanisani, na picha za rafiki yako. Furaha yako nimeikuta mahali pamoja tu, kwenye dawati la nyuma. Huenda hamu unayo ukaona haya kuiandika, maana mtoto wa kwanza wa mjane hujizoeza kutotaja anachotaka. Huenda pia huna. Binti wa miaka 25 akitamani kuona dunia hajamkosea mtu yeyote, na akitamani kubaki na watoto wake 52 vilevile hajakosea. Jibu la hilo unalo wewe, na linabadilisha mengi yanayofuata.

Sasa niingie kwenye hili la Afrika Kusini, kwa sababu ndipo nilipoweka barua chini nikavuta pumzi.

Ajenti aliposema Wakenya wanabanwa hakutunga. Korea Kusini, kwa mfano, ina viza ya walimu wa lugha iitwayo E-2, na kwa Kiingereza wanaoipata kwa kawaida ni raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Uchina nayo huwapendelea raia wa nchi hizo hizo, na tangu mwaka 2021 serikali yake ilipobana biashara ya masomo ya ziada, nafasi nyingi zilifungwa. Wewe umefundishwa kwa Kiingereza tangu utotoni, Katiba yetu ya 2010 inakitaja kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili, na una shahada ya kukifundisha. Afisa wa uhamiaji haangalii hayo. Anaangalia pasipoti. Ni dhuluma, na una haki ya kuumia.

Lakini hebu tufuate ushauri wa ajenti mpaka mwisho wake. Umehojiwa, umesema umelelewa Afrika Kusini, umepata kazi. Ili shule ikuombee kibali cha kazi itahitaji pasipoti yako, na pasipoti imeandikwa Kenya. Hapo aliyedanganya ni wewe, ajenti hayupo. Na kama shule haitaiomba hiyo pasipoti kwa ajili ya kibali, basi haina mpango wa kukusajili. Kwa njia yoyote ile unaanza kazi ukiwa umeshikwa mahali pabaya, na mwajiri anajua.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kwa Thailand uongo huo huenda hata hauhitajiki. Thailand inaajiri walimu wasiotoka katika zile nchi 7, mradi wawe na shahada na waonyeshe matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS. Wakenya wanafundisha huko kihalali. Hulipwa pungufu mara nyingi kuliko mwenzao wa darasa la jirani mwenye pasipoti ya Uingereza, na hilo linauma, lakini wanalala bila kusikilizia hodi ya afisa.

Njia yenyewe ni hii. Shule inakupa barua na nakala za usajili wake ukiwa bado hapa Nairobi, unaomba viza iitwayo Non-Immigrant B kupitia ubalozi wa Thailand, unasafiri, halafu shule inakukamilishia kibali cha kazi. Ni kweli wako walioingia kwa viza ya utalii wakabadilisha wakiwa kule kule. Inawezekana, ila shule iwe imeandaa karatasi na siku za viza ziwe hazijaisha. Wengine hulazimika kuvuka hadi nchi jirani kama Laos kuomba upya, kwa nauli yao. Na siku zote hizo kabla ya kibali, kusimama mbele ya darasa ni kosa, la faini na la kurudishwa kwenu. Kwa hiyo maneno "shule itakubadilishia" yana maana tu pale ambapo shule ina jina. Hii ya kwako haina, mpaka ulipe.

Lipo jambo zito zaidi, na naliandika si kwa kukutisha. Mwaka 2022 Wizara ya Mashauri ya Kigeni iliwaonya Wakenya kuhusu kazi za uongo za Thailand. Vijana waliahidiwa kazi huko, wakapokewa, wakavushwa mpaka kuingia Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu kwenye intaneti. Mapema mwaka 2025 wengine walikombolewa kutoka eneo la Myawaddy, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Mae Sot wa Thailand. Wengi wao walikuwa wasomi kama wewe. Sisemi ajenti wako ni wa genge hilo, sina ushahidi huo. Nasema mtu anayekusafirisha bila jina la mwajiri amekunyima kitu pekee ambacho ungeweza kukikagua ukiwa nyumbani.

Basi kikague unachoweza. Mawakala wa kazi za ng'ambo wanatakiwa wawe wamesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti yake; tafuta jina lile lililoandikwa kwenye karatasi ya selotepu. Omba jina la shule, kisha nambari ya simu ya shule itafute mwenyewe, usipokee ya kwake. Omba mkataba wenye jina lako na mshahara, maana rafiki yako anayelipwa anataja baht 28,000 na huyu anayetangaza anataja 45,000. Halafu mwambie unahitaji wiki tatu za kufikiria. Msikilize atakavyokujibu.

Na rafiki yako? Usimhukumu. Mtu aliye ugenini huweka picha ya Jumapili kwa sababu Jumatatu haina picha. Lakini ile "tutaongea vizuri" iliyobaki hewani ingefaa iongewe kabla ya Ijumaa, kwa sauti, si kwa ujumbe. Muulize viza, muulize kibali, muulize kama alilipwa Machi na Aprili shule zilipofungwa, kwa sababu mikataba mingine huko ni ya miezi 10 na likizo ndefu hailipwi. Akisita tena, hilo nalo umelisikia.

Nije kwa mama.

Asilimia 5 ya 180,000 ni shilingi 9,000. Hiyo ni riba ya mwezi mmoja, kabla hujagusa deni lenyewe, nayo ni nusu ya mshahara wako wa sasa. Ukienda na kila kitu kikaenda sawa, mwezi wa kwanza utalipa kodi ya chumba pamoja na amana, utanunua nguo za kazini, utakula, na mshahara utaupata mwisho wa mwezi. Kwa baht 28,000 miezi miwili haimalizi deni hilo, hata ukifunga mkanda. Mambo yakikwama, wadhamini wawili wataketi kwenye mkutano wa chama wakimtazama mama yako, na kesho yake wote watatu watapanga mboga steji ile ile. Chama hicho, nadhani, ndicho kilichomshika mkono tangu 2019. Huenda yuko tayari kukihatarisha kwa ajili yako. Mama huwa tayari. Je, anajua anahatarisha kwa ajili ya nini? Barua yako haisemi kama umemwambia kuhusu Afrika Kusini, wala kuhusu viza ya utalii. Mama anaona picha za bahari. Ofisi ya orofa ya tatu hajaiona.

Wasiwasi wako ni kwamba ukikataa utamvunja moyo. Labda. Aibu ya kanisani ipo, hudumu Jumapili mbili tatu. Lakini unaweza pia kumwambia bado sijakataa kwenda, nimekataa kwenda hivi.

Tuseme basi unataka kwenda. Mwaka wa shule wa Thailand huanza katikati ya Mei, na muhula wa pili huanza takriban Novemba, na shule hutafuta walimu kabla ya kila muhula. Nafasi hazifungwi na Ijumaa ya mtu. Katikati hapo unaweza kusoma kozi ya ualimu wa Kiingereza kwa wageni, ile ya saa 120 ambayo shule nyingi huitaka, ufanye mtihani wa Kiingereza, uchukue cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, na vyeti vyako vithibitishwe Wizara ya Mashauri ya Kigeni pale Harambee Avenue. Hivyo unavilipia kimoja kimoja, kwa jina lako, na hata usiposafiri vinabaki mkononi. Ugumu wake nauona: kuweka akiba kwenye 18,000 ni kama kuchota maji kwa ungo, inaweza kukuchukua mwaka, na baada ya mwaka huo ubalozi unaweza kukunyima. Ukifika pia, viza imefungwa kwa mwajiri. Ukigombana naye, siku zako za kukaa nazo zinayumba. Utaugua homa siku moja mahali ambapo hakuna anayejua uji wa wimbi. HELB watakufuata hata huko, kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka na faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi usiolipa, kwa hiyo zungumza nao mapema kuhusu kiwango unachokiweza, uende usiende.

Kubaki nako kuna hatari zake, na wanaokuambia "tulia tu, Mungu atafungua" hawazitaji. Kodi inapanda, mshahara haupandi, na miaka mitatu ya kungoja TSC inaweza kumfanya mwalimu mzuri aanze kuwachukia watoto. Ukibaki, usibaki na 18,000 peke yake. Nairobi hii ina wageni wengi wa mashirika, upande wa Gigiri hasa, wanaotafuta mtu wa kuwafundisha Kiswahili kwa saa, na aliyesomea kufundisha lugha anaanza mbele ya wengine. Kumekuwa pia, kwa miaka mingi, na mpango wa Fulbright unaowapeleka walimu vijana vyuo vikuu vya Marekani kufundisha lugha zao kwa mwaka mmoja wa masomo, na Wakenya wameenda kufundisha Kiswahili. Hutangazwa na ubalozi wa Marekani hapa jijini, na kuomba hakulipiwi. Ushindani ni mkali. Ulizia tu.

Sijakuambia uende wala ubaki, na najua ulitaka nikuambie. Lakini mimi sitakuwepo usiku wa kwanza Bangkok, wala siku mshahara ukichelewa Kayole.

Nina ombi moja tu kabla ya Ijumaa. Mama alianza habari ya mkopo usiku ule ule alipokuona umetembea. Alilala akiamini binti yake mwenye shahada amekosa nauli ya matatu, na sidhani kama umewahi kumsahihisha. Mkimaliza kufunga kibanda jioni moja, mketi, umsimulie ulitembea kwa sababu gani. Mwambie kuhusu yule mtoto wa dawati la nyuma na ule ukurasa. Ya ajenti mwambie baadaye, yote, hata ya Afrika Kusini, kisha mkifungue kile kitabu cha chama pamoja.

Halafu niandikie.